Vioo vya madigadi vya Land Rover 109: nimegoma kuvitupa, nimevifufua. Wenye magari ya zamani karibuni

#1 – Mkonge109 (Tanga)

Wakuu, salaam. Jambo lenyewe ni dogo lakini limenikalisha gereji karibu miezi minne: vioo vya pembeni vya gari la zamani.

Gari ni Land Rover 109 Series III, chesisi ndefu, ya mwaka 1976. Marehemu baba aliinunua kwenye mnada wa shamba la mkonge huku Tanga, ikatusomesha sote. Tangu alipofariki ilikuwa chini ya mwembe. Injini na breki nimeshamaliza, rangi nimepuliza. Vikabaki vioo viwili vya duara, vile vinavyokaa juu ya madigadi ya mbele, kila kimoja kwenye mkono wake wa chuma. Cha kulia kilikuwa na madoa meusi yaliyoanzia ukingoni yakaingia mpaka katikati. Cha kushoto kilikuwa na ufa, na ndani ya kichwa chake, lile ganda linaloshika glasi, nyigu walishajenga. Maungio ya mikono yote miwili yalishikana kwa kutu, hayazunguki hata kwa nyundo.

Kila fundi niliyemwuliza alinijibu vilevile: tupa hivyo, funga vya plastiki vya gari la Kijapani mlangoni, kazi ya nusu saa. Nilikaribia kukubali. Kilichonizuia ni hiki: kioo cha madigadi huwezi kukirekebisha ukiwa umekaa kwenye usukani, mkono haufiki. Lazima mtu mwingine asimame nje. Kwetu mtu huyo nilikuwa mimi, na miaka yangu saba au minane. Baba anakaa ndani, ananielekeza: "Ndani kidogo. Rudisha. Inua. Hapo hapo, usiguse tena." Sikuweza kuvitupa.

Sasa niwaeleze nilichokutana nacho, maana makosa niliyofanya hayana haja ya kurudiwa na mwingine.

Kwanza, kuving'oa. Nilimwagia maungio mafuta ya breki yaliyochanganywa na dizeli, siku tatu mfululizo, kisha nikayapasha moto taratibu kwa jiko la gesi la fundi bomba. Nilikuwa nimeshatoa glasi. Ukipasha moto na glasi ikiwa ndani itapasuka, ile ya zamani hasa. Yalilegea yote isipokuwa bolti moja, hiyo niliikata kwa msumeno.

Chini ya kitako cha mkono nikakuta unga mweupe kama chumvi, na tundu la bolti kwenye madigadi limeliwa hadi linapitisha kidole. Hapo ndipo nilipoelewa ugonjwa wenyewe. Bodi ya Land Rover si bati la chuma, ni aloi ya alumini. Gari hili lilipoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu baada ya vita na kilitolewa kwa mgao, ndiyo maana wakatumia alumini. Sasa kitako cha chuma kikikaa moja kwa moja juu ya alumini, na hewa yetu ya bahari ikaleta unyevu wa chumvi katikati, pale panakuwa kama betri ndogo. Anayeliwa ni alumini. Miaka arobaini ya upepo wa Tanga imetosha.

Pili, glasi. Hapa ndipo nilipopoteza pesa. Fundi vioo wa mjini alinikatia duara kutoka kioo cha kabati la nguo. Kumbe kile kina unene wa milimita 4. Ukingo wa bati unaokumbatia glasi ukagoma kufunga. Nilipopima kipande cha ile ya zamani kwa kalipa nikakuta milimita 2. Nikazunguka mpaka nikapata kioo chembamba, akakata tena, tukakibandika kwa silikoni ya kawaida ya dukani, ile yenye harufu ya siki. Kilikaa vizuri sana. Baada ya wiki tatu nikaona wingu la kahawia katikati ya kioo kipya. Mwezi ulipoisha lilikuwa doa la ukubwa wa sarafu.

Ile harufu ya siki ni asidi halisi. Silikoni ya aina hiyo inatoa asidi wakati inakauka, na nyuma ya kioo kuna tabaka jembamba la fedha, mara nyingi shaba juu yake, kisha rangi ya kulinda. Ukifungia mvuke wa asidi pale nyuma hauna pa kutokea, unapenya rangi na kula fedha. Inatakiwa silikoni isiyo na asidi, kwenye chupa yake wameandika kwamba inafaa kwa vioo. Haina harufu ya siki. Kama unanusa siki, iache dukani.

Sasa nataka kukata glasi kwa mara ya tatu na ya mwisho. Swali langu kwenu: nirudishe glasi bapa kama ilivyokuwa, au niweke yenye mbinuko kama ya magari ya sasa? Barabara ya Segera imejaa malori na mabasi, si ile ya enzi za baba.

#2 – Pijo_Mzee (Nakuru)

Ndugu, umefanya vyema kutovitupa. Mimi nina Peugeot 404 na miaka kumi na moja ya kuihangaikia. Hii ndiyo gari iliyoshinda Safari Rally mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Ile ya 1966 na 1967 aliendesha Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam wakati huo, kwa hivyo hata nyinyi Tanzania mna fungu lenu.

Juu ya glasi nitawaachia wengine. Mimi nataka kusema juu ya kromu, maana wengi wanaharibu hapo.

Kabla hujapeleka kichwa cha kioo kwa mtu wa kuchovya kromu, jua kimetengenezwa kwa nini. Chukua sumaku. Ikishika, ni chuma. Isiposhika, inaweza kuwa shaba nyeupe au ya njano, chuma kisichoshika kutu, ama zinki ya kumimina. Zinki ndiyo ya kuogopa. Ni nzito kwa umbo lake, na kromu yake haichubuki kama ya chuma, inatoa vipele vidogo vidogo kama ngozi yenye joto. Chini ya kila kipele zinki imeoza na kufura.

Mimi nilipeleka vichwa viwili vya zinki kwa karakana moja, sitaitaja. Waliviweka kwenye asidi ile ile wanayosafishia bampa za chuma. Asidi ikavila. Nilirudishiwa kitu kama biskuti iliyolowa chai. Ilinichukua miaka miwili kupata vingine.

Zinki inataka kromu ya zamani itolewe taratibu, kila kipele kikwanguliwe mpaka chini, kijazwe, ipakwe shaba nene na kusuguliwa, kisha nikeli, halafu ndiyo kromu. Mng'aro wote unatoka kwenye shaba na nikeli. Kromu yenyewe ni utando mwembamba sana wa juu. Fundi akikwambia atachovya kromu tu siku moja na kukurudishia jioni, chukua vitu vyako uende.

Na kama kromu yako ni ya chuma yenye kutu ya juu juu tu, usiipeleke popote. Kunja karatasi ya alumini ya jikoni, ichovye kwenye maji, sugua. Alumini ni laini kuliko kromu kwa hivyo haikwaruzi, na kutu inatoka. Paka nta. Nimeokoa bampa nzima hivyo.

#3 – Almasi_Kioo (Dar es Salaam)

Mkuu Mkonge, mimi kazi yangu ni vioo, nipo mtaa wa Gerezani. Nikuambie namna tunavyokata duara la gari, usije ukauziwa kazi mbovu tena.

Chora duara kwa kigezo cha karatasi ngumu, liwe dogo kuliko tundu la kichwa kwa milimita moja hivi, ili glasi isibanwe. Kata upande wa glasi, usikate upande wa rangi. Almasi, kile kisu cha kukatia glasi, ichovye kwenye mafuta ya taa, pita mara moja tu, mkono usisimame. Ukirudia mstari umeharibu. Halafu kata miale kutoka kwenye duara kwenda nje, sita au nane, gonga kwa chini taratibu mpaka uone ufa umetembea, ndipo umenye vipande vya nje kwa koleo kimoja kimoja. Kingo unasaga kwenye jiwe lenye maji. Maji ni lazima, vumbi la glasi si la kuvuta.

Kisha jambo ambalo mafundi wengi hawafanyi: ukingo uliosagwa umebaki wazi, fedha inaonekana. Unyevu utaingia hapo hapo, na madoa yako meusi yataanza tena kutoka pembeni kwenda ndani kama mwanzo. Paka rangi ya kucha isiyo na rangi, mizunguko miwili, acha ikauke kabisa. Duka lolote la vipodozi wanayo.

Glasi yenye mbinuko sisi tunaitoa kwenye vioo vya malori na mabasi. Kioo kikubwa cha basi kilichovunjika pembeni kinatoa duara mbili nzuri na bei yake ni ndogo. Ila angalia tabaka lake la fedha liko wapi. Weka ncha ya penseli juu ya glasi. Ukiona nafasi kati ya ncha na picha yake, tabaka liko nyuma, kata kama kawaida. Ncha ikigusana na picha yake bila nafasi, tabaka liko mbele, na hapo inatakiwa mkono mwepesi na kitambaa laini, kwa sababu ukiteleza umechora mstari wa kudumu.

#4 – Mwl_Fizikia (Morogoro)

Nimefurahi kuona swali la bapa au mbinuko, kwa sababu watu hulijibu kwa mazoea wakati linahesabika. Naomba mnivumilie.

Tuseme kioo cha Mkonge kina kipenyo cha sentimita 12. Kikiwa kwenye madigadi, kiko kama mita 1.8 kutoka kwenye jicho la dereva. Kingekuwa mlangoni kingekuwa kama sentimita 70 tu. Kioo bapa ni sawa na dirisha: ukilisogelea unaona uwanja mpana, ukilikimbia unaona ukanda mwembamba.

Mita 20 nyuma ya kioo, kioo bapa cha madigadi kinaonyesha upana wa mita 1.45 tu. Hiyo haitoshi hata upana wa basi. Kioo hicho hicho kikiwa mlangoni kinaonyesha mita 3.5, yaani njia nzima ya gari. Sasa kirudishe kwenye madigadi lakini ukipe mbinuko kama kipande cha tufe lenye nusu kipenyo cha mita 1.2: kinaonyesha takriban mita 5.4.

Gharama yake ni kwamba kila kitu kinaonekana kidogo, na ubongo unatafsiri udogo kuwa umbali. Basi unaloliona liko mbali liko karibu. Kwa hiyo yeyote anayehamia kwenye mbinuko ajizoeshe kwanza barabara tupu, alinganishe na kioo cha ndani ambacho ni bapa.

Kupima mbinuko bila kifaa: laza rula iliyonyooka katikati ya kioo, igusane nacho katikati tu. Chukua urefu wa kioo kwa sentimita, uzidishe kwa wenyewe. Pima kina cha tumbo la kioo, yaani mwanya wa rula pembeni, kwa sentimita, zidisha kwa 8. Gawanya cha kwanza kwa cha pili. Kioo cha sentimita 12 chenye mwanya wa milimita moja na nusu kila upande: 144 gawanya kwa 1.2, unapata sentimita 120, ndiyo ile nusu kipenyo ya mita 1.2.

Na kwa wale watakaofikiria kupaka fedha wenyewe: inawezekana, ni njia ileile ya Justus von Liebig wa Ujerumani ya mwaka 1835, naitreti ya fedha, amonia na sukari. Wanafunzi wangu wanaifanya kwenye neli ya majaribio na wanaipenda sana. Lakini mchanganyiko ule wa fedha na amonia ukiachwa ukae unaweza kutengeneza kitu kinacholipuka. Unatumika papo hapo na mabaki yanamwagwa yakiwa yamezimuliwa. Si kazi ya kufanya varandani na kuhifadhi chupa kwa ajili ya kesho.

#5 – Kilindini_510 (Mombasa)

Mwalimu, shukran, umenifumbua jambo. Mimi nina Datsun iliyotoka Japani moja kwa moja, na vioo vyake viko mbele kwenye madigadi. Kule sheria haikuruhusu vioo vya mlangoni kwa magari ya ndani mpaka mwaka 1983. Na kweli vyangu vina mbinuko, sikuwahi kujiuliza kwa nini. Watu huniambia nivihamishe mlangoni nifanane na zile zilizokuja kwa soko la nje. Sitaki. Ukishavizoea, macho hayaondoki barabarani, unaviona vyote viwili kwa kupepesa tu bila kugeuza shingo.

Kaka Mkonge, juu ya ule unga mweupe: sisi wa pwani twaujua. Usije ukadhani bolti za chuma kisichoshika kutu zitakuponya. Zenyewe zitabaki ziking'aa, lakini alumini itaendelea kuliwa palipogusana. Dawa ni kutenganisha. Kata kipande cha mpira wa tyubu kwa umbo la kitako, weka chini. Ndani ya tundu pitisha mrija wa plastiki bolti isiguse kingo. Chini weka wasa ya nailoni kwanza, kisha ya chuma pana, maana madigadi ni laini na mtikisiko utayapasua. Paka grisi kila mahali. Kila mwaka fungua uangalie.

#6 – Asilia_Tu (Nairobi)

Naheshimu hesabu za mwalimu, lakini naomba kupinga. Gari la 1976 lililotoka na glasi bapa libaki na glasi bapa. Nimepeleka gari langu Ngong Racecourse kwenye Concours, yale mashindano ya maonyesho ya magari, zaidi ya mara moja, na waamuzi wanaangalia vitu ambavyo hata mwenye gari hajaviona. Lakini si kwa ajili ya alama tu. Tukianza kusema hiki tubadilishe kwa sababu ya usalama, kesho tutabadilisha taa, keshokutwa usukani, na mwisho tutakuwa tumetengeneza gari jipya lenye sura ya zamani. Mtu anayeendesha gari la zamani aendeshe kwa mwendo wake na ageuze shingo.

#7 – Pijo_Mzee (Nakuru)

Asilia, gari la maonyesho na gari la kwenda sokoni Korogwe si kitu kimoja. Hata magari ya East African Safari Classic, mbio za magari ya zamani, yanabeba vitu ambavyo hayakutoka navyo kiwandani. Kichwa, mkono na mahali pake vikibaki vilevile, glasi ni kama tairi: huchakaa, hubadilishwa. Hakuna anayezungushia gari lake tairi za 1976.

#8 – Mama_Kombi (Arusha)

Nami niongeze la wizi, kwa sababu hamjaligusa. Nilirudisha vioo vya Kombi yangu vizuri kabisa, nikaegesha mjini dakika ishirini, nikakuta mikono ya vioo mitupu. Baada ya hapo nimefanya mambo mawili. Nimechora namba ya gari kwenye glasi, herufi ndogo pembeni. Na nati za ndani nimeweka zile zenye nailoni zisizolegea kwa mkono, juu yake nikapiga rangi. Atakayetaka atachukua, lakini itabidi alale chini ya madigadi na spana. Mkonge, kwako wewe mahali palipo wazi kama kwenye madigadi ni rahisi zaidi kuibiwa, usichelewe.

#9 – Mkonge109 (Tanga)

Wakuu, nimechelewa kurudi kwa sababu nilikuwa nafanya mliyonielekeza. Nawashukuru kwa moyo wote.

Nilipata kioo cha basi kilichopasuka kona moja. Nilikipima kwa rula kama alivyosema mwalimu, nikapata sentimita 126. Tabaka liko nyuma, penseli ilionyesha nafasi. Almasi_Kioo, fundi wa hapa nilimsomea maelezo yako neno kwa neno, akakata duara mbili bila kuvunja hata moja. Rangi ya kucha nimemnyang'anya mke wangu, nimemnunulia nyingine.

Vichwa vilikuwa vya chuma, sumaku ilishika. Nilikwangua kutu, nikapiga praima na rangi nyeusi, ndani nimepaka nta. Kingo zilikuwa na kromu ya kutu ndogo, karatasi ya alumini imezisafisha kwa dakika kumi na tano, sikuamini. Chini ya kila kichwa nilikuta kitundu kidogo kilichozibwa na rangi za miaka. Nimekizibua. Ni cha kutolea maji, na nadhani kuzibwa kwake ndiko kulikoua glasi ya kulia.

Asilia, nimekusikia pia. Glasi bapa nimekata mbili, nimezifunga kwenye kitambaa zipo kwenye boksi la chini ya kiti. Siku nikija Ngong nitazibadilisha asubuhi hiyo. Lakini juzi nimekwenda Segera na kurudi. Karibu na Muheza basi lilitoka nyuma kunipita, nikaliona likiwa bado linajipanga, nikasogea kushoto mapema. Kwa glasi bapa nisingeliona mpaka lifike mlangoni. Kwa safari za kila siku nimeshaamua.

#10 – Kilindini_510 (Mombasa)

Mashallah. Bolti umetumia zipi? Hizo Series zilikuwa na za inchi.

#11 – Mkonge109 (Tanga)

Ndiyo, za asili zilikuwa za inchi, lakini mbili zilishakatika, na tundu lilikuwa limeliwa. Fundi wa bodi alinitengenezea kipande cha alumini cha milimita 3 chini ya madigadi, upande wa ndani, akakikaza kwa ribiti za alumini, tukatoboa upya kwa bolti za M8, yaani za milimita 8. Mpira wa tyubu chini ya kitako, mrija wa plastiki, wasa ya nailoni, grisi, kama ulivyosema. Nati ni zile za nailoni za Mama Kombi.

Kukaza kwa mwisho tulifanya wawili. Mimi nimekaa kwenye usukani, binti yangu wa miaka tisa amesimama mbele ya madigadi. Inua. Ndani kidogo. Hapo hapo. Akashikilia kichwa kwa mikono miwili mpaka nilipozunguka na spana namba 13.